Wifi yangu, kuhusu lile bada

Wifi yangu,

Pokea salamu. Sie huku Tanga hatujambo, mama naye hajambo, ni goti tu linalomsumbua kukiwa na mvua. Najua utashangaa kuona nakuandikia hapa mbele za watu badala ya kukupigia simu. Nilikucheka mbele za watu, wifi. Haiwi sawa kukuomba radhi chumbani.

Siku yenyewe unaikumbuka. Mlishuka stendi ya Kange jioni, vumbi mpaka kwenye kope, na kaka kwa tabia yake akakuacha uani na wanawake usiowajua, yeye akaenda zake barazani. Ukakaa kwenye kigoda, ukauliza kwa adabu: "Mama, mboga leo ni nini?" Mama akakujibu, "Mboga leo hakuna mwanangu, nimepata samaki tu."

Niliuona uso wako ulivyobadilika. Kaka alikuja kuniambia baadaye kwamba usiku ulimnong'oneza, "Kwani kwenu mnakula ugali mkavu?" Kwenu Sengerema mboga ni chochote kinachoteremsha ugali: nyama mboga, dagaa mboga, maziwa mboga. Kwetu mboga ni majani, samaki ni kitoweo. Mama wa watu alikuwa anakuomba radhi kwamba hakupata mchicha, na wewe ukaelewa unalazwa na njaa. Hilo peke yake lilitosha kwa siku moja. Ila bado bada, ule ugali wetu wa muhogo mkavu, halijaiva.

Mama alilisonga mwenyewe, wewe umesimama mlangoni unatazama. Maji yanatokota, unga wa makopa ukamwagwa, na mwiko ukaanza kwenda mbio kabla unga haujashikana mabonge. Bada halitaki msongaji mwenye mazungumzo. Weupe ukaondoka, likaja kijivu, kisha likaanza kung'aa na kuvutika na mwiko kama ulimbo. Mama akachovya mkono kwenye bakuli la maji, akalikusanya, akaligeuzia kwenye sinia, likatulia pale linameremeta. Pembeni mchuzi wa changu, kasimile, lile tui zito, imeelea juu. Ukakata tonge, ukachovya, ukameza bila kutafuna kama mtu aliyezaliwa Ngamiani, na uso wako wote ukafunguka. Ukasema, "Kumbe ni ugali wa udaga!"

Uani kukalipuka. Shangazi akauliza udaga ndiyo nini, dawa ya minyoo? Mie nikadakia kwamba wifi yetu kaletewa chakula kakiita jina la ugonjwa. Ukacheka nasi, ukanawa mkono, ukasema umeshiba. Tonge tatu, wifi. Nilizihesabu wala sikusema kitu. Mji wetu unasemwa "waja leo waondoka leo", lakini mlikuja kwa wiki mkaondoka siku ya tatu, na sababu iliyotajwa ilikuwa kazi ya kaka.

Kisa kile nimekisimulia katika harusi nne, na kila nikikisimulia nakitia chumvi. Kufika harusi ya tatu, ulikuwa umeshauliza kama udaga unanyweka.

Mungu hamfichi mtu. Mwaka juzi nilikwenda Mombasa, kwa ndugu zetu upande wa mama, kulikuwa na harusi. Kutoka kwetu si mbali: mpakani pale Horohoro na Lungalunga unagonga mihuri yako, na jioni upo kwenye feri ya Likoni. Nilikwenda kifua mbele. Mie Mtanga, Kiswahili nani atanifundisha?

Siku ya kwanza nikatumwa dukani nikalete pojo kilo mbili. Nikazunguka maduka matatu nikiona haya kuuliza, nikarudi mikono mitupu, nikasema zimekwisha. Pojo ni choroko, wifi. Gunia zima lilikuwa mlangoni mwa duka la kwanza, nililiegemea nikitafuta kwa macho kitu nisichokijua. Na huko Nairobi choroko hizo hizo wanaziita ndengu, wakati dengu ya kwetu ni kitu kingine kabisa, ile inayosagwa ukapata unga wa bajia. Karanga nazo ni njugu. Mpaka jioni nilikuwa nimechoka kama mtu aliyekwenda ughaibuni, na sijavuka hata bahari, nimevuka kivuko.

Siku ya pili shangazi mwenye harusi akatangaza kwamba kesho asubuhi ni bokoboko. Hapo roho ikatulia. Bokoboko nalijua mie. Si zile ndizi nene zenye pembe, zinazoteremka na malori kutoka Muheza, unazimenya, unazitia tui na kipande cha papa? Nikataka kuonyesha uungwana wa kwetu. Nikasema kwa sauti, mbele ya wanawake wasiopungua ishirini wanaopeta mchele: "Shangazi, niamshe alfajiri, nitazimenya zote peke yangu."

Kimya. Kisha bibi mmoja, hata meno hana, akauliza taratibu: "Utamenya ngano, mwanangu?"

Bokoboko lao ni ngano na nyama, inapikwa mpaka inalainika, inapigwa kwa mwiko hadi hujui nyama imeishia wapi na ngano imeanzia wapi, halafu samli na vitunguu vya kukaanga juu. Waarabu wanaiita harisa, na Zanzibar nao wanaijua kwa jina hilo hilo la bokoboko. Nilikula sahani mbili na nitaila tena nikiipata. Lakini utamu wake niliula macho chini. Mpaka leo nikipiga simu Mombasa salamu ya kwanza ni, "Umeshamenya?"

Usiku ule nililala nikizihesabu tonge zako tatu.

Nikuambie na jambo ambalo hatukukuambia siku ile. Sie wenyewe tuliokucheka hatujawahi kukubaliana majina ndani ya nyumba moja. Bibi mzaa mama alikuwa Mdigo wa Moa, na Wadigo ugali wanauita wari. Tulipokuwa wadogo, likizo, alikuwa akituita kutoka jikoni, "Njooni mle wari!" Sie wa mjini masikio yetu yanasikia wali. Tunakimbia tukigombea kunawa, tunakuta ugali wa mahindi na kisamvu. Kila likizo. Mpaka nafikiri bibi alikuwa anafanya kusudi.

Upande wa baba, babu alitoka Songea kuja kukata mkonge. Mkonge wenyewe nao ni mgeni hapa: mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, iliyofika ikiwa hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kwa miche ile 62 mkoa wetu ulijaa mashamba, na mashamba yakajaa manamba kutoka kila pembe ya nchi, na kila kibarua alikuja na jina la chakula cha kwao. Babu mahindi na maharage alikuwa akiyaita kande. Bibi, Mbondei wa Muheza, akiyaita pure. Mama alipoolewa akaja na makande. Chungu kimoja, majina matatu, na babu alikuwa hageuki ukimwambia pure ipo tayari. Anakaa pale pale. Mpaka useme kande.

Neno posho nalo limetembea. Kwenye mashamba yale lilikuwa unga anaopimiwa kibarua. Leo Mganda akikwambia posho anamaanisha ugali kwenye sahani, na mtumishi wa kwetu akikwambia posho anamaanisha hela ya semina.

Mengine sitayapanga yote, wino utakwisha. Magimbi ukivuka bahari kwenda Unguja ni majimbi. Kalimati Mombasa ni kaimati, na mkate wa kumimina kwao ni mkate wa sinia. Chakula cha jana tunachokipasha asubuhi tukanywea chai, mie nasema kiporo, bibi wa Moa alisema mwiku, na wengine wanasema bariyo. Kiporo cha wali wa nazi hata ukikiita takataka mie nakula.

Kwenye udaga lakini nina ubishi kidogo nawe, na naomba unisikilize kama ndugu. Baada ya Mombasa nilianza kuuliza. Jirani yangu wa Ngamiani kaolewa na mtu wa Geita, akanieleza. Makopa yetu sie tunamenya muhogo, tunapasua, tunaanika juani mpaka ukigonga kipande kwa kipande unalia kama kigae, basi, tunatwanga. Nyie muhogo mnauvundika kwanza, mnaufunika siku kadhaa mpaka unaota ukungu, mnaukwangua, ndipo mnauanika. Kwa hiyo unga wenu una rangi yake na harufu yake, na ugali wake una kale kauchachu. Si kitu kimoja hasa. Ni watoto wa shangazi na mjomba. Ukiniambia udaga sasa najua umefanya kazi gani ambayo mie sikuifanya.

Hapo shangazi angesema, haya, kumbe tulikuwa na haki ya kucheka. Hatukuwa nayo. Wewe ulionja tonge moja ukatambua ni muhogo, ukatambua umekaushwa, ukafurahi. Sie tuliokucheka hakuna hata mmoja aliyejua kwamba kuna namna ya pili ya kuukausha. Na muhogo wenyewe wa nani? Uliletwa na Wareno kutoka Amerika, kwenu na kwetu ukafika kama mgeni. Hapo Amani, juu ya Muheza, wataalamu wa kilimo walikuwa wakihangaika na magonjwa ya muhogo tangu miaka ya 1930, batobato na ile michirizi kahawia inayoozesha kiazi ndani kwa ndani, na mbegu walizozizalisha pale zilikwenda mbali. Bibi Mbondei alikuwa akikata muhogo akiona doa la kahawia anautupa kwa kuku huku anatukana. Sijui alikuwa anamtukana nani.

Nimepiga soga nyingi, nirudi kwenye kilichonifanya nikuandikie.

Ule mfuko wa unga uliomletea mama, wa kitenge, alioupokea akauweka juu ya kabati bila kuufungua. Ulikaa pale. Mwezi wa Ramadhani uliopita makopa yaliadimika sokoni, mama akauteremsha. Hakusema kitu. Akausonga, akatuwekea na mchuzi wa papa, na sote tukanusa, tukatazamana. Shangazi akamega. Akamega tena. Akasema, "Hili lina kauchachu, linataka pilipili," na hiyo kwa shangazi, wifi, ni sifa. Unga uliobaki mama akautia kwenye kopo la maziwa, akakata karatasi, akaandika kwa mkono wake UDAGA, akabandika. Hataki uchanganywe na wa makopa. Binti yangu aliuchota siku moja kutengenezea uji, kukawa na kesi.

Juzi tulikwenda naye Mgandini. Kopo limekwisha. Nikamsikia anamuuliza muuza unga, "Una udaga wewe?" Yule kijana akamtazama, akamtazama tena, akasema, "Bibi, hiyo si dawa? Kaulize pale kwa waganga wa mitishamba." Mama akamtolea macho nikaona hapa patanuka. Akaanza kumweleza: muhogo unamenywa, unafunikwa, siku kadhaa. Watu wakasimama kusikiliza. Akamaliza kwa kusema, "Mkamwana wangu ndiye anayeuleta, huko kwao wanajua kazi." Kijana akamwambia akija huyo mkamwana amwuzie na yeye gunia.

Kwa hiyo mkija Desemba, fungasha kilo tano, usilete mbili. Na kama ile michembe, viazi vitamu vyenu vya kukausha, ipo, leta pia, nataka kuona kama mama ataiandikia karatasi. Kange nitakuja kukupokea mwenyewe, kaka abaki na mizigo. Samaki atakuwepo, na mboga pia itakuwepo, majani na yasiyo majani.

Halafu kuna jambo moja la siku ile ile. Wali wa mchana ulikuwa umepaliwa makaa, ukoko ukatoka mzima kama sahani, mwekundu, unanukia nazi. Mama akausema ukoko, bibi alikuwa akiuita utandu, uite utakavyo. Niliufunika kwenye bakuli la bluu nikauficha nyuma ya mtungi, nilikuwekea wewe, kwa vile ulikuwa mgeni. Baada ya kukucheka nikaona haya kukupa. Usiku nilipokwenda kuutazama bakuli lilikuwa tupu. Muulize mumeo.

Wifi yako,
Ngamiani, Tanga