Bima ya gari lako

Chumbageni, Tanga

Shoga yangu Mwanahawa,

Salaam nyingi. Huku hatujambo, mama anakusalimia sana. Hongera tena kwa hilo gari la Toyota IST, nimefurahi kama vile ni yangu.

Umeniuliza ukate bima ndogo au kubwa. Mimi nasema kubwa, ile inayofunika na gari lako mwenyewe, angalau miaka hii ya mwanzo. Ndogo ndiyo inayolazimishwa na sheria, shilingi 118,000 pamoja na VAT, na kazi yake ni kumlipa uliyemgonga, yeye mwenyewe au mali yake. Gari lako haligusi. Likiibwa usiku hapo Muheza, likiungua, likipinduka ukimkwepa mbuzi pale Pongwe, umebaki na funguo.

Najua utasema ukigongwa, bima ya mwenzio italipa. Italipa akipatikana, na bima yake iwe hai. Barabara ya Segera unaijua: lori likikupasulia taa na bampa usiku, halisimami.

Bima kubwa, kwa asilimia 3.5 ya thamani, gari la milioni 12 ada yake ni 420,000. Ukiweka VAT ya asilimia 18 inafika 495,600. Ni pesa nyingi. Lakini hizo milioni 12 umezichanga kwa machungwa misimu mingapi, na pembeni huna nyingine! Mwenye gari la milioni 3 na akiba benki, huyo ningemwambia akate ndogo alale.

Sasa hili ndilo linalonikosesha raha. Asije wakala akakuandikia milioni 6 ili ada ipungue. Ukiandika nusu ya thamani, hata fidia inakuja nusu: fundi akidai milioni 2, unapewa moja, na hapo hawajakata ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe. Hiyo sehemu nayo waulize ni kiasi gani kabla hujatoa hata senti.

Halafu wale abiria unaowapakia asubuhi kwa nauli, na matenga juu. Ukijaza kwenye fomu kwamba gari ni la matumizi binafsi, siku ya ajali kampuni inaweza kukukatalia, hata kama bima ni kubwa. Waambie ukweli, ulipe ya biashara, na leseni ya kubeba abiria ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, uifuatilie. Ada itapanda, na itaniuma nawe, ila bora hivyo kuliko kukataliwa gari likiwa gereji.

Ukienda Mombasa kwa dada, omba kadi ya njano ya COMESA, ile bima ya kuvukia nchi jirani, kabla hujafika mpakani Horohoro. Hiyo ni kwa madai ya watu wengine upande wa Kenya. Gari lako mwenyewe ulizia kwa kampuni kama linafunikwa huko.

Ukishalipa, ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, uione bima yako kwa macho yako.

Usisaini kwanza. Piga picha fomu unitumie. Jumamosi nakuja Muheza tuipitie pamoja.

Wasalimie watoto.

Shoga yako,
Zuhura