Wanao hawajakimbia jembe bure

Shoga yangu Zaituni,

Salamu kutoka Temeke. Hatujambo, ila joto. Naona bado umewanunia wanao, mmoja bodaboda, mwingine wakala wa pesa, na shamba la Mvomero mmewaachia nyani. Unauliza nchi itaendeleaje kwa watu kunyoana nywele na kuuziana vocha.

Mbona ndivyo zilivyoendelea nyingi! Tumbo lina kiasi chake. Mshahara ukiwa mara mbili huli ugali mara mbili. Ziada inakwenda kwenye ada, matibabu, nauli, saluni. Mjerumani Ernst Engel aliliona hilo mwaka 1857 alipopitia hesabu za matumizi ya familia za wafanyakazi wa Ubelgiji. Tena trekta moja linafanya kazi ya watu wengi, na mashine za kiwandani vilevile, lakini mimi nikisuka twende kilioni bado inataka vidole vilevile vya enzi za bibi. Kwa hiyo mikono inayoachwa na shamba inakwenda kule mashine isikoweza, kwenye kazi za huduma. Marekani mwaka 1900 karibu watu 4 kati ya 10 wenye kazi walikuwa wakulima na vibarua wa mashamba. Leo hawafiki 2 kati ya 100, na chakula wanakiuza nje.

Sasa sisi, shoga, hapo ndipo roho inaniuma. Waingereza na Wakorea walipita kiwandani kwanza. Sisi tulijaribu, unakikumbuka kile kiwanda cha viatu hapo Morogoro, cha fedha za Benki ya Dunia? Hakikufikisha hata asilimia 5 ya uwezo wake. Na vijana wetu wengi hawakusukumwa na trekta, wamesukumwa na kashamba kadogo na jembe la mkono. Ndiyo maana kijiweni pikipiki kumi zinamgombea abiria mmoja. Hiyo nayo inahesabiwa huduma, ingawa kwangu ni kusubiri tu.

Wa uwakala mwache. Kabla ya pesa za simu ungepanda basi kufuata hela ninazokutumia, au umpe kondakta umwombe Mungu. Huyo ana kazi ya kweli.

Wa bodaboda zungumza naye, ila usimrudishie jembe lilelile. Ulizia bei ya kukodi pawatila kwa ekari, unipigie kabla ya mvua. Nina akiba kidogo ya kikoba.

Wasalimie wote.

Wako,
Mwanahamisi