Injini za angani pia zina kazi ya fundi

Mhariri,

Habari za anga zikizuka hapa Pwani, mazungumzo huishia Ngomeni. Ni haki yetu kujivunia. Desemba 12, 1970, setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, upande wa Malindi, pahala ambapo ukaribu wa ikweta huipa roketi msukumo wa bure wa mzunguko wa dunia. Lakini roketi ilikuwa ya Wamarekani na jukwaa la Waitaliano. Sisi tulikuwa wenyeji tu.

Naomba nafasi niseme juu ya injini zenyewe, hasa zile za umeme. Hizi hazichomi mafuta. Gesi, mara nyingi ksenoni, hutiwa chaji, kisha umeme ukaifyatua nje kwa kasi ya kilomita 30 hivi kwa sekunde, ilhali moshi wa roketi ya kawaida hauzidi sana kilomita 4.5. Ndiyo maana gesi kidogo huenda mbali. Nguvu yenyewe ni ndogo mno: injini ya chombo cha Marekani kiitwacho Dawn ilisukuma kwa kadiri ya uzito wa karatasi moja kiganjani. Haiwezi kuinua kitu kutoka ardhini. Huko juu, pasipo hewa ya kukizuia chombo, ilisukuma siku baada ya siku, na Dawn iliyorushwa 2007 ikafika Vesta 2011, ikang'oa nanga tena, ikafika Ceres 2015; vyote viwili ni magimba madogo yanayozunguka jua.

Injini ndogo ya aina hii hutoshea mezani. Kazi iko kwenye tangi la kuijaribia, ambalo lazima litolewe hewa, la sivyo ioni, yaani zile chembe za gesi zenye chaji, zitagongana nayo na jaribio liharibike. Hapo ndipo nasema kama fundi. Mimi hutengeneza makontena ya friji. Kabla ya kutia gesi tunavuta vakyumu, yaani tunatoa hewa yote, kisha tunakaa tukiikodolea macho geji. Mshale ukianza kurudi, kuna pahala panavuja, na utasaka kiungo kimoja kimoja hata kama ni usiku na meli inasubiri. Pampu zetu hazikaribii kabisa kiwango kinachotakiwa na injini za angani. Pampu za kiwango hicho lazima zinunuliwe. Lakini kusaka uvujaji, kusafisha sili za kuziba viungo, kuchomelea bomba lisipitishe hata pumzi, hayo mafundi wa Mombasa wanayaweza leo.

Kwa hiyo naisihi serikali, pamoja na vyuo vyetu vya ufundi: wekeni tangi moja kama hilo hapa Mombasa, vijana wa fizikia na mafundi wa karakana walifanyie kazi pamoja. Kituo cha kurushia roketi kitahitaji fedha nyingi na miaka mingi. Tangi halihitaji kukingoja.

Siku litakapofika, mimi na wenzangu watatu tumeshakubaliana kutoa Jumamosi zetu, bila malipo, kulikagua uvujaji.

Fundi wa makontena ya friji,
Changamwe, Mombasa