Msiwaambie vijana wauze PS wanunue kompyuta

Mhariri,

Majuzi mlichapisha barua ya kijana wa Dar es Salaam anayesema mwenye kibanda cha gemu akiendelea na PS, yaani PlayStation, mashine ya gemu inayochomekwa kwenye runinga, anajichelewesha, auze anunue kompyuta, maana picha yake ni kali na gemu zake nafuu. Mimi niliambiwa maneno hayo hayo mwaka juzi, na aliyeniambia ni mwanangu wa kumzaa. Naomba nafasi kidogo nieleze yaliyonikuta.

Kibanda changu kiko Kirumba, si mbali na Mwaloni wanakoshusha dagaa. Hao dagaa niliwauza miaka mingi. Mgongo ulipogoma nikanunua PS2 mbili, baadaye PS4 tatu za mtumba. Mechi shilingi 500, mshindi anabaki, aliyefungwa atoe hela nyingine au ampishe mwenzake. Wateja wangu ni wabeba magunia, makonda, na wanafunzi, ambao kabla ya saa kumi jioni siwaruhusu hata kusimama mlangoni.

Basi huyo mwanangu, Doto, akaja likizo kutoka chuo. "Mama, PS zimepitwa." Nikauza PS4 mbili, nikaongezea akiba, tukanunua kompyuta ya 1,150,000 kwenye duka moja la mjini. Kasha lina kioo ubavuni, feni tatu zinawaka rangi rangi kama ukumbi wa harusi. Muuzaji akaapa kwamba ndani kuna kadi ya picha, kile kifaa kinachochora picha za gemu, aina ya GTX 1050 Ti. Kadi hiyo ilitoka 2016 na kweli inabeba gemu nyingi. Lakini tukiwasha mpira, unakwama kwama; mtu anapiga shuti leo, linafika kesho. Wateja wakaanza kudai hela zao.

Siku ya nne nikamwita fundi. Akachomeka flashi, akafungua programu ndogo ya bure ya kukagua kadi za picha, inayoitwa GPU-Z, tukakaa tunaangalia. Ikaandika bila kumumunya maneno kwamba kadi ni ya kughushi. Chipu ilikuwa ya GTX 550 Ti, ya mwaka 2011, imebadilishiwa programu yake ya ndani ili ikiulizwa jina ijibu la mdogo wake. Fundi akaibandua stika kwa ukucha, chini yake kuna gundi ya stika nyingine. Akaniambia mchezo huo unafahamika dunia nzima, ndiyo maana GPU-Z ilifundishwa kuutambua tangu 2018. Nilirudi dukani nikajibiwa, "Mama, mali ikitoka haipokelewi." Nikameza.

Hapo ndipo ninapotofautiana na kijana wenu. PS4, hata iwe imetumika vipi, ni PS4. Itakuwa na vumbi, tundu la HDMI, la waya wa runinga, limelegea, feni inalia kama mashine ya kusaga, lakini haiwezi kuwa PS2 iliyovaa koti la kaka yake. Ilitoka 2013, na gemu ya mpira ya FC 26 ya mwaka 2025 bado wameitengenezea. Wanaotunga gemu wanajua mashine ni ile ile kila nyumba, kwa hiyo wanashona nguo kwa kipimo chake. Kompyuta kila moja ina prosesa yake, ramu yake, kadi yake, pawasaplai yake, na mnunuzi lazima azijue zote. Mimi dagaa waliochanganywa mchanga nawatambua nikiwa bado barabarani. Kadi za picha sikusomea.

Umeme nao haujasemwa. PS4 na runinga yake vinanilia uniti moja kwa saa tano hivi. Kompyuta ya kucheza gemu nzito, yenye kadi ya maana na kioo chake, inaweza kumaliza uniti hiyo kwa saa tatu. Piga hesabu ya kibanda kinachofunguliwa kila siku.

Na kuna sehemu ambako hata PS4 haifiki. Kulwa, pacha mkubwa, ni mvuvi wa dagaa, kambi yake iko kisiwani upande wa Ukerewe. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali hawaifuati taa, wavuvi wanakaa nchi kavu, wanashona nyavu na kuchokozana. Siku hizo ndizo za biashara ya Kulwa. Nilimpa PS2 yangu moja, ile nyembamba. Hiyo inatumia umeme wa volti 8.5 tu kupitia adapta yake, kwa hiyo fundi alimtengenezea kipunguza volti, anaiunga moja kwa moja kwenye betri ya sola ya volti 12, pamoja na runinga ndogo ya volti hizo hizo. Hakuna inveta, hakuna jenereta. Mwezi ukishaanza kuchelewa kutoka, anaifunga kwenye mfuko wa nailoni, wanarudi majini. Kijana wa Dar aende akawashe kompyuta yake pale, nauli ya boti nitamlipia.

Sisemi PS hazina kero. Pedi zinaugua: kile kijiti kikichoka, mchezaji anatembea mwenyewe kwenda kwenye kibendera cha kona. Kisoma diski cha PS4 kimefungishwa ndoa na mazabodi yake, ile bodi kuu ya ndani, huwezi kukopa cha mashine nyingine kikakubali vivi hivi. Kucheza na mtu wa mbali, gemu nyingi za PS4 zinadai ada ya PlayStation Plus, wakati kwenye kompyuta hakuna ada ya hivyo. Halafu kuna lile la Mei 2024: gemu ya Helldivers 2 iliondolewa sokoni upande wa kompyuta katika nchi zaidi ya 170, kwa sababu wachezaji walikuwa wametakiwa wawe na akaunti ya PlayStation na nchi hizo zilikuwa hazina huduma hiyo. Wachezaji walipiga kelele mpaka Sony ikafuta sharti. Hilo nililisoma nikacheka, maana watu wa visiwani kwa akina Kulwa wameshazoea huduma inayoishia gatini.

Nayo kompyuta sikuitupa. Ile kadi kongwe inaibeba PES 2017, gemu ya mpira ya zamani, bila shida. Doto na wenzake waliingia kwenye mafaili ya gemu wakachora jezi ya timu yetu ya Mwanza, Pamba Jiji, TP Lindanda yetu, iliyorudi Ligi Kuu 2024 baada ya miaka zaidi ya 20, na uwanja wakauandika CCM Kirumba. Jioni ya kwanza mzee mmoja mpakiaji, ambaye hajawahi kushika pedi, alilipa mechi nne mfululizo ili tu aone Pamba wakiingia uwanjani. Alifungwa zote. FC yangu ya PS haikubali kuguswa namna hiyo, hilo namwachia kijana wenu.

Ila kibanda kinaendeshwa na PS4 moja iliyobaki, na foleni ya saa moja usiku inaniumiza. Natafuta ya pili. Mwenye nayo, tundu la HDMI likiwa bado limekaza, aniletee pale kibandani mchana. Fundi nitakuwa nimeshamwita.

Mama Kulwa,
Kirumba, Mwanza