Shangazi, usimtoe kwenye kikundi

Shangazi, shikamoo.

Nimeamua kukujibu hadharani kwa sababu swali uliloniuliza si lako peke yako. Wazazi wengi wanaoleta watoto kwenye kikundi chetu cha sanaa za maonesho hufika mahali wakauliza vilevile: muda unakwenda, mbona mwanangu sijamwona jukwaani? Nawe ukaongeza kwamba kama hapewi nafasi ya kuigiza, heri saa hizo azitumie kwa masomo. Wasiwasi wako nauheshimu. Naomba unisikilize kabla hujakata shauri.

Kwenye kikundi kama hiki, kinachoendeshwa na watu wa mtaani kwa kujitolea na ambacho hakitafuti faida, kazi kubwa hufanyika mazoezini. Onesho ndilo linaloonekana, kwa hiyo ndilo linalosifiwa. Lakini mtu hujengeka katika zile saa ambazo wewe hukuwepo, wala mtazamaji yeyote hakuwepo.

Chukua zoezi la kioo. Wawili wanasimama wakitazamana, mmoja anajongeza mkono taratibu, mwenzake anafuata kana kwamba ni sura yake kwenye kioo. Baadaye wanabadilishana. Mwishowe wanaambiwa kwamba sasa hakuna kiongozi, waendelee tu. Ukitazama kwa mbali utaona mchezo wa watoto. Ukiwa ndani yake ni kazi nzito, kwa sababu huwezi kumfuata mtu usiyemtazama, na anayemtega mwenzake kwa mwendo wa ghafla ameharibu zoezi. Lengo ni kwamba mtu akiingia mlangoni asijue nani anaongoza na nani anafuata. Kufika hapo kunahitaji uvumilivu, na pia kumwamini mtu ambaye pengine hujui hata jina la baba yake.

Viola Spolin, mwalimu wa maigizo wa Marekani, alianza kutunga michezo ya aina hii mjini Chicago katika miaka ya 1930, akifanya kazi na watoto na familia za wahamiaji ambao lugha na desturi zao hazikulingana. Hakuweza kuwapa maandishi ya kukariri na kutegemea yatawaunganisha. Aliwapa kanuni chache na jambo la kutatua pamoja, basi. Mtu akishughulika kulitatua husahau kujitazama, na hapo ndipo aibu hupungua. Mpaka leo sijaona njia bora zaidi ya kumsaidia mtu mwenye haya. Kumwambia "jiamini" hakujawahi kumsaidia yeyote.

Sasa nikusimulie la binti yako. Nimemwomba ruhusa, naye amenipa. Mwanzoni, kwenye zoezi hilo la kioo, alikuwa akitazama bega la mwenzake. Macho yake hayakupanda. Hakuna aliyemkaripia wala kumtania. Aliendelea kupangwa na watu tofauti, wengine wakubwa kuliko wewe, wengine wadogo kuliko yeye. Ikafika siku tuliyofanya igizo fupi kuhusu mfanyakazi anayesingiziwa kwamba ameiba fedha za mauzo. Igizo hilo humalizika vibaya kwa makusudi: mfanyakazi anafukuzwa, wenzake wamenyamaza. Kisha linarudiwa tangu mwanzo, na safari hii yeyote aliyekaa anaweza kupaza sauti, "Simama!", akaingia kuchukua nafasi ya mhusika na kujaribu njia nyingine.

Shangazi, sauti iliyosema "Simama!" ilikuwa yake. Aliingia, akamkabili tajiri wa igizo, akasema, "Naomba tuhesabu pamoja, mbele ya wote." Anayeigiza tajiri haruhusiwi kulegeza, ni wajibu wake kukaza, kama wanavyokaza wenye nguvu huko nje. Akafoka, akagonga meza. Binti yako hakurudi nyuma. Akayarudia maneno yale yale, polepole zaidi, safari hii akiwa amemtazama usoni. Kisha akakwama, hakujua aendelee vipi, akarudi kuketi. Mwezeshaji hakumuuliza kama ameshinda. Alimuuliza, "Ukiwa pale umeona nini?" Akajibu kwamba wale wafanyakazi wengine walikuwa wanataka kusema, ila kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake. Mazungumzo ya siku ile yote yalijengwa juu ya jibu hilo.

Hakuna mtazamaji aliyeyaona hayo, na jina lake halitaandikwa kwenye tangazo lolote.

Mbinu hiyo ya kumruhusu mtazamaji aingie ndani ya igizo ilienezwa na Augusto Boal, mwongozaji wa maigizo wa Brazili, ambaye alikamatwa na kuteswa na utawala wa kijeshi mwaka 1971, kisha akaishi uhamishoni. Akiwa Peru mwaka 1973, alikuwa akiendesha maigizo ambayo watazamaji waliwaelekeza waigizaji la kufanya. Boal mwenyewe alisimulia kwamba mwanamke mmoja alitoa pendekezo, waigizaji wakalijaribu, akasema sivyo. Wakajaribu tena, akasema bado. Mwishowe akaambiwa apande mwenyewe aoneshe. Alipopanda, kila mtu alielewa. Watu hukisimulia kisa hiki kama cha mbinu mpya, mimi nakipenda kwa sababu ya yule mama. Alikuwa na jambo ambalo hakuna mwingine aliyeweza kulisema kwa niaba yake. Baadaye Boal alichaguliwa kuwa diwani wa jiji la Rio de Janeiro, akaitumia mbinu hiyo hiyo kukusanya mapendekezo ya sheria kutoka kwa wananchi.

Na tusidhani haya ni mambo ya ng'ambo tu. Katika kijiji cha Kamiriithu, Limuru, nchini Kenya, mwaka 1977, wakulima na wafanyakazi walijenga ukumbi wao wa wazi na kuandaa igizo pamoja na waandishi Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mazoezi yalifanyika mbele ya macho ya watu. Wanakijiji walisimama kando, wakasikiliza, wakarekebisha: mzee hasemi hivyo, mambo hayo hayakwenda hivyo. Kabla onesho la kwanza halijafika, kijiji kilikwisha kulifanya igizo kuwa lake. Serikali ililipiga marufuku mwaka huo huo, na ule ukumbi ukabomolewa mwaka 1982. Kama ingekuwa ni burudani ya jioni tu, sidhani kama kuna ambaye angehangaika kuubomoa.

Kuna jambo moja ambalo una haki kabisa ya kulihofia, hata kama hukulitaja. Kikundi cha sanaa si hospitali. Mwezeshaji aliyesomea maigizo hawezi kumtibu mtu mwenye jeraha zito la moyo, na anayemlazimisha kijana aeleze machungu yake mbele ya watu eti "afunguke" anamuumiza. Tukiona mshiriki anahitaji msaada wa namna hiyo, tunampeleka kwa mtaalamu. Kwa hiyo ukiwa na shaka na kikundi chochote, chetu kikiwemo, uliza: je, mtu anaruhusiwa kukataa zoezi bila kujieleza? Watoto huachwa peke yao na mtu mzima mmoja? Tunaigiza visa vya kubuni, au tunachimba maisha ya washiriki? Uliza na fedha pia, nani anazishika na nani anazikagua. Ukijibiwa kwa hasira, mchukue mtoto uondoke, nami nitakuunga mkono.

Onesho silidharau. Tarehe ikishatangazwa watu hujifunza kuwahi, kushika maneno, kutomwangusha mwenzao. Safari hii binti yako ndiye anayesimamia taa na kuwakumbusha waigizaji maneno wakisahau. Wengi hudhani hiyo ni kazi ya waliokosa nafasi. Anayekumbusha lazima alijue igizo zima, kila kauli ya kila mtu, na atambue tofauti kati ya mwigizaji aliyesahau na aliyenyamaza kwa makusudi. Akiwahi kusema ameharibu kimya kizuri, akichelewa mwenzake amezama. Aliiomba mwenyewe kazi hiyo. Mwakani huenda akataka kuigiza, au asitake, na uamuzi huo nakuomba tumwachie.

Masomo yake tuyazungumze pia. Kama ratiba inambana, tupunguze siku za mazoezi badala ya kumtoa kabisa. Kikundi kinakubali hilo wakati wa mitihani, hata wiki kadhaa mfululizo.

Njoo ujionee, Shangazi. Mazoezi yako wazi kwa wazazi, ila huwa hatuna watu wa kukaa ukutani, kila anayeingia anacheza. Vaa nguo isiyokubana na viatu vya chini. Nimeshamwambia mwezeshaji kwamba ukija tutakupanga na mtu usiyemjua kwenye zoezi la kioo, na binti yako amesema anataka akuone unavyofuata.

Wako,
Mwanao