Kebo ya kuchajia iwe ndani ya buti kabla gari halijatoka yadi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo wengi huliona dogo, lakini kwetu sisi tunaoendesha magari ya umeme hapa Mombasa limekwisha kuwakwamisha watu njiani: je, mwenye gari atembee na kebo yake ya kuchajia, au kebo hiyo ni wajibu wa mwenye chaja?

Jumamosi moja alasiri, katika maegesho ya jumba la maduka upande wa Nyali, nilimkuta mama mmoja kijana amesimama mbele ya chaja, simu mkononi, watoto wake wawili wamelala kiti cha nyuma. Gari lake, Nissan Leaf lililotoka Japani kama langu, lilikuwa limebakiwa na asilimia 12 ya chaji, na nyumbani kwake ni Kilifi, zaidi ya kilomita 50 kutoka pale. Chaja ilikuwa nzima na taa yake inawaka, ila haikuwa na waya. Ilikuwa na tundu tu lenye kifuniko, naye hakuwa na cha kuchomeka. “Shikamoo baba. Hii mashine imeibiwa waya?” akaniuliza. “Marahaba mwanangu. Haikuibiwa, ndivyo ilivyotengenezwa. Kebo hutoka kwenye gari lako.” Akafungua buti kunionyesha: mlikuwamo jeki, mwavuli na kigari cha mtoto, basi. Aliyemuuzia alimwambia kwamba siku hizi chaja ziko kila mahali, na hakumwongezea neno jingine. Nilimwazima kebo yangu, tukakaa pale karibu saa tatu, kwa sababu magari kama yetu hupokea takriban kilowati tatu tu kutoka chaja ya namna ile, hata kama chaja yenyewe ina uwezo wa kutoa zaidi, na yuniti moja ya umeme hulipeleka gari kilomita sita hivi. Alifika kwake kabla ya isha.

Nimefanya kazi ya umeme wa majumbani kwa zaidi ya miaka thelathini, na tangu siku ile nimelijadili suala hili na watu wengi. Wapo wanaoona kwamba kumtaka dereva abebe kebo ni uonevu, na hoja yao kubwa ni kwamba mwenye gari la petroli habebi mpira wa pampu. Hoja hiyo inavutia masikioni, na katika chaja za kasi ni ya kweli kabisa. Chaja ya kasi hutoa mkondo nyoofu unaokwenda moja kwa moja kwenye betri, na hata ile ya kilowati 50 hupitisha kiasi cha ampea 125 katika waya mnene na mzito ambao si wa kukunjwa na kutiwa kwenye buti. Waya huo sharti uwe umefungwa kwenye mashine, na hakuna anayemtaka dereva aje na wake.

Chaja ninayoizungumzia ni ile ya polepole, tunayoikuta kwenye maegesho ya maduka, hoteli na ofisi. Hiyo, kusema kweli, si chaja bali ni soketi yenye akili. Hutoa mkondo geu ule ule unaoingia nyumbani kwako, na kazi ya kuugeuza ili uingie kwenye betri hufanywa na kifaa kilichomo ndani ya gari. Kwa hiyo kinachohitajika kati ya ukuta na gari ni kebo tu, na swali la nani aje na kebo hiyo haliwezi kujibiwa bila kutazama ni magari gani tunayoyaendesha.

Magari yetu hayakutoka nyumba moja. Sheria ya Kenya hairuhusu gari kuukuu lililozidi umri wa miaka minane, wala gari la usukani wa kushoto, na kwa sababu hiyo magari mengi ya mitumba hutoka Japani, na mengine Uingereza, ilhali mengi ya umeme yaliyo mapya yanatoka China. Leaf ya Japani ina tundu la kuchajia la Taipu 1, lenye nafasi tano za pini. Gari la miaka ya karibuni lililotoka Uingereza lina Taipu 2, yenye nafasi saba. Gari la Kichina lililotengenezwa kwa soko la nje huenda likawa na Taipu 2 vilevile, lakini lile lililotengenezwa kwa soko la kwao lina GB/T, yaani plagi ya kiwango cha China, ambayo nayo ina nafasi saba na ukiitazama kwa haraka utaapa kwamba ni Taipu 2, mpaka ujaribu kuchomeka ndipo ugundue kwamba palipotakiwa kuwa na pini pana tundu, na palipotakiwa kuwa na tundu pana pini.

Sasa mweke mwenye maduka katikati ya magari hayo matatu. Akifunga kebo ya Taipu 2 isiyotoka, amemhudumia mmoja na kuwafukuza wawili. Akifunga kebo tatu, amenunua kebo tatu, na mbili kati yake zitaning'inia bure kila wakati zikipigwa na jua na mvua. Lakini akiweka tundu la Taipu 2 peke yake, kila dereva huja na kebo ambayo upande mmoja unaingia ukutani na upande wa pili unaingia kwenye gari lake mwenyewe, liwe la Japani, la Uingereza au la China. Tundu halibagui gari. Hii ndiyo sababu kubwa inayonifanya niseme kwamba kwa chaja za polepole hapa kwetu kebo iwe ya dereva, na kwamba mfano wa mpira wa pampu haufai, kwa maana petroli haina maumbo matatu. Marekani, ambako kwa miaka mingi magari mengi yalitumia plagi ya aina moja, waliweza kufunga kebo kwenye chaja bila tatizo. Ulaya hali ni nyingine: Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2014 kwamba chaja za umma za mkondo geu ziwe na Taipu 2, iwe kwa tundu au kwa kebo, na madereva wengi wa huko wamezoea kubeba kebo zao. Uingereza zipo hata chaja zilizopachikwa kwenye nguzo za taa za barabarani ambazo zina tundu peke yake.

Ipo pia sababu ya wizi, ambayo sisi Wakenya hatuhitaji kuelezwa sana. Januari 2022 Serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu nchi nzima kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu, ikiwamo ya umeme. Kebo inayoning'inia usiku kucha kwenye maegesho yasiyo na mlinzi ni shaba iliyowekwa mezani. Iliyo ndani ya buti hulala nyumbani kwa mwenyewe. Watu huniuliza, je, haiwezi kuibiwa wakati gari linachaji nami niko dukani? Kwenye tundu la ukutani plagi hufungwa na komeo linalojifunga lenyewe kuchaji kukianza, na magari ya Taipu 2 hufunga upande wao pia. Plagi ya Taipu 1 ina kishikizo cha kubonyeza kwa kidole gumba, na wengi wetu tunapitisha kufuli ndogo kwenye tundu la kishikizo hicho. Kuhusu hofu ya kupigwa na umeme mvua inaponyesha, ifahamike kwamba tundu la ukutani halina umeme mpaka gari na chaja vitambuane kupitia waya mwembamba wa mawasiliano uliomo ndani ya kebo. Kebo iliyochomekwa ukutani pekee, upande wa pili ukiwa mkononi mwako, haina umeme ndani yake. Nimeipima kwa kifaa changu mara nyingi mbele ya watu waliokuwa hawaniamini.

Sitaki nionekane kana kwamba naupuuza usumbufu wake. Kebo ya mita tano ina uzito wa kilo mbili au tatu na hupata vumbi na matope. Dereva wa teksi anayebeba mizigo ya abiria kutoka uwanja wa ndege ana haki ya kulalamika kwamba inamla nafasi. Hata hivyo mita hizo tano zina faida ambayo kebo fupi ya kufungwa ukutani haina, maana Leaf huchajiwa puani ilhali magari mengine huchajiwa ubavuni nyuma, na mwenye kebo ndefu hahitaji kuligeuza gari mara mbili katika maegesho yaliyojaa.

Linaloniumiza zaidi ni kebo zenyewe tunazozibeba. Ndani ya plagi ya Taipu 2 mna kizuizi kidogo cha umeme, chenye ukubwa wa punje ya mchele, ambacho huiambia chaja kebo hii ina uwezo gani: ohmu 220 ni kebo ya ampea 32, ohmu 680 ni kebo ya ampea 20. Chaja husoma kizuizi hicho na kuliruhusu gari lichukue umeme kwa kiasi hicho. Kebo ya ampea 32 huwa na nyaya za milimita za mraba 6. Mtu akiikata kebo hiyo na kuirefusha kwa waya wa milimita za mraba 2.5 kutoka dukani, kile kizuizi kitaendelea kusema ampea 32, chaja itaamini, na waya mwembamba ndio utakaochemka. Nimeletewa kebo iliyoungwa hivyo, plastiki yake imekuwa laini kama nta, na mwenyewe alikuwa akiichomeka kila usiku ukutani mwa chumba cha watoto.

Kundi la pili la hatari ni zile kebo zenye kisanduku katikati, zinazochomekwa kwenye soketi ya kawaida. Leaf ya Japani hutoka kwao na kebo ya namna hiyo iliyotengenezwa kwa volti 200 na ampea 15, na plagi yake hailingani na soketi zetu. Fundi huikata plagi ile na kufunga ya pini tatu ya ampea 13. Kwa dakika kumi haitadhuru. Kwa saa nane mfululizo, usiku baada ya usiku, plagi inageuka rangi ya kahawia, kisha soketi inayeyuka. Mwaka huu peke yake nimebadilisha soketi tatu zilizoyeyuka kwa sababu hiyo, moja ikiwa imeanza kuunguza mbao za kabati. Mwenye kuhitaji kebo ya dharura ya soketi ya kawaida, na anayekwenda Voi au Taveta anaihitaji kweli, atafute ile iliyotengenezwa kwa plagi ya pini tatu tangu kiwandani, inayojizuia kwenye ampea 10, na kama lazima atumie ekstensheni basi aikunjue yote, kwa sababu waya uliozungushwa kwenye gurudumu lake hujipasha moto wenyewe.

Kwa hiyo jibu langu kwa anayeuliza kama abebe kebo ni kwamba aibebe, na awe na ile ya haki. Ila mzigo huu haumwangukii dereva peke yake. Tangu Aprili 2023 tuna bei maalumu ya umeme wa kuchajia magari, na mwaka huo huo Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) ilitoa mwongozo wa miundombinu ya kuchajia. Mambo hayo mawili yametusaidia. Yanayobaki ni madogo kwa gharama na makubwa kwa faida. Wenye chaja waandike kwa herufi zinazosomeka, ukutani na kwenye programu za simu, kama chaja yao ina kebo au ina tundu tu, ili mtu ajue kabla ya kuondoka nyumbani na si baada ya kufika na asilimia 12. Shirika la Viwango la Kenya lizikague kebo zinazouzwa madukani na mtandaoni kama linavyokagua birika na pasi, kwa kuwa kebo hizi hupitisha umeme mwingi zaidi na kwa muda mrefu zaidi.

Na wauzaji wa magari, ambao kwangu ndio wenye deni kubwa kuliko wote, waache kuihesabu kebo kama zawadi. Gari langu mimi lilifika bila kebo, na yadi niliyolinunua iliniambia kwamba huenda ilipotea melini, nikaagiza nyingine na kungoja wiki saba huku gari likikaa chini ya mwembe. Hakuna anayeuza gari la petroli lisilo na kifuniko cha tangi akaona ni sawa. Siku ya kukabidhi gari, buti lifunguliwe, kebo itolewe, ichomekwe kwenye chaja mbele ya mnunuzi mpaka taa ya gari iwake, na hati ya makabidhiano iandike kebo hiyo ni ya taipu gani na ya ampea ngapi.

Ni mimi msomaji wako,
Fundi wa umeme,
Tudor, Mombasa.