Fomu ya ridhaa ipimwe kwa kazi yake

Ndugu Mhariri,

Huku Tabora na Kigoma, mtu akiuliza kama utafiti fulani wa tiba umezingatia maadili, jibu analopewa huwa ni karatasi: kibali kipo, fomu za ridhaa zimesainiwa, asiyejua kusoma ameweka dole gumba mbele ya shahidi. Karatasi hizo ni za lazima na sitaki ziondolewe. Lakini zinaonyesha kilichokusudiwa tu. Kama kilitimia kwa mama aliyeweka dole gumba, hilo lipimwe kama tunavyopima dawa yenyewe.

Dai langu nalijenga juu ya falsafa ya pragmatizimu, iliyoasisiwa Marekani na Charles Sanders Peirce, William James na John Dewey. Mwaka 1878 Peirce aliandika kwamba anayetaka wazo limwelee sawasawa atazame matokeo ya kivitendo yanayotarajiwa kutokana nalo. Dewey akalipeleka jambo hilo kwenye maadili. Kwake kanuni ya maadili ni chombo cha kuchunguzia tatizo lililo mbele yetu: tunaanza nayo, tunaitumia, tunaangalia imezaa nini kwa wote walioguswa, kisha tunairekebisha. Ni kazi ile ile anayoifanya tabibu mwangalifu kwa mgonjwa asiyepata nafuu.

Lawama dhidi ya falsafa hii naijua. Husemwa inafundisha kwamba kinachofanikiwa ndicho halali, na hivyo inafungua mlango wa kuwatumia watu. Hapo inaonewa. Chukua Tuskegee, Alabama, ambako kuanzia 1932 hadi 1972 idara ya afya ya umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi 399 wenye kaswende bila kuwatibu, hata baada ya penisilini kuwa tiba ya kawaida ya ugonjwa huo. Kwa kipimo cha Dewey utafiti ule umeanguka vibaya. Yaliyohesabiwa ni matokeo waliyoyataka watafiti peke yao. Walioumia hawakuwa na sauti. Mpango ulibaki ule ule hata tiba ilipopatikana. Pragmatizimu inahesabu matokeo yote, ya kila anayeguswa, pamoja na imani inayovunjika na kurithishwa kwa watoto. Ndiyo maana inashikilia kwa nguvu sharti la ridhaa ya hiari lililotamkwa mwaka 1947 huko Nuremberg, Ujerumani, katika hukumu ya madaktari wa Kinazi: gharama ya kuliacha tumeiona.

Mfano wa utafiti ulioenda kwa njia hii uko karibu nasi. Kwa miaka mingi mtoto aliyefika na homa kali, mikono na miguu imepoa na hali yake imedhoofu, alipaswa kuwekewa maji mengi ya haraka kwenye mshipa. Watafiti wa jaribio la tiba lililoitwa FEAST waliamua kulijaribu jambo hilo ambalo wengi waliliona halina ubishi. Walihusisha watoto 3,141 katika hospitali sita za Uganda, Kenya na Tanzania. Ya kwetu ilikuwa Teule, Muheza. Kati ya waliopewa maji ya haraka, mililita 20 hadi 40 kwa kila kilo ya uzito, takribani asilimia 10.5 walifariki ndani ya saa 48. Kati ya wasiopewa, asilimia 7.3. Utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake, Januari 2011. Tofauti hiyo ni watoto watatu katika kila mia, na bila utafiti tungeendelea kuwapoteza huku tukiamini tunawaokoa.

Ridhaa ilipatikanaje? Kanuni ikishikwa bila kuangalia pembeni, mzazi angepaswa kusoma kurasa zote na kutia saini kabla ya lolote. Mtoto wa aina hiyo anaweza kufa kurasa hazijafika nusu. Kamati za maadili zilikubali hatua mbili. Kwanza mzazi alielezwa kwa maneno machache akatoa kauli ya kukubali au kukataa. Mtoto alipotulia, yakafuata maelezo kamili na saini. Baadaye wazazi na watumishi wa hospitali mbili waliulizwa wanauonaje utaratibu huo. Swali hilo la baadaye ndilo ninalolitaka huku kwetu. Ridhaa ya hatua mbili ilikuwa jaribio la kimaadili ndani ya jaribio la kitabibu, nalo likafanyiwa tathmini yake.

Sasa malale. Aina inayopatikana katika mapori ya miyombo ya Urambo, Kasulu na Kibondo, ikienezwa na mbung'o, huua ndani ya wiki au miezi isipotibiwa. Kwa miongo mingi, vimelea vikishaingia kwenye ubongo, tiba ilikuwa melasoproli, dawa yenye aseniki iliyomuua takribani mgonjwa 1 kati ya 20. Vidonge vya feksinidazoli vilijaribiwa Malawi na Uganda kwa aina hii, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani likavipendekeza kama chaguo la kwanza kwa wenye miaka 6 na zaidi na uzito wa kilo 20 na zaidi. Kila mgonjwa katika jaribio lile alipewa dawa mpya, na matokeo yakalinganishwa na kumbukumbu za melasoproli. Kitabu cha takwimu kingetaka makundi mawili yapangwe kwa bahati nasibu. Lakini wagonjwa ni wachache, na kumpangia mtu aseniki kwa bahati nasibu wakati kidonge kipo mkononi ni jambo ambalo sioni nani angelitetea mbele ya ndugu wa mgonjwa.

Dawa hiyo ina sharti linaloonyesha vizuri ninachokisema. Mtu mwenye kilo 35 au zaidi humeza vidonge vitatu vya miligramu 600 mara moja kwa siku kwa siku 4, kisha viwili kwa siku 6, na kila dozi huenda pamoja na chakula. Asipokula, mwili haufyonzi dawa ya kutosha. Tuseme kesho kuna utafiti wa dawa hii Kibondo, na kwenye bajeti kuna fungu la ugali na maharage kwa siku 10. Mjumbe wa kamati aliyeshika kanuni ya kutowashawishi washiriki kwa zawadi anaweza kulikata fungu hilo, tena kwa nia njema. Akiuliza sahani ile inafanya nini, ataona ni sehemu ya dozi. Ikiondolewa, mkulima aliyetoka nyumbani na njaa atameza vidonge bila kupona, na utafiti utaandika kwamba dawa imeshindwa.

Ridhaa yenyewe ipimwe namna gani? Pendekezo langu halihitaji fedha nyingi. Katika kila kituo, washiriki kumi wa kwanza wazungumze siku inayofuata, mmoja mmoja, na mtu asiye wa timu ya utafiti wala mtumishi wa zahanati ile, anayejua Kiha au Kinyamwezi inapohitajika. Asiulize "umeelewa?", kwa sababu adabu yetu ina jibu moja tu kwa swali hilo, nalo ni ndiyo. Aulize maswali yanayodai maelezo. Nani anaamua utumie dawa ipi kati ya hizi mbili? Ukiacha kesho, utaendelea kutibiwa hapa? Damu yako inakwenda wapi, na itakaa huko muda gani? Ukizidiwa usiku unampigia nani? Kitu gani unafanyiwa hapa ambacho usingefanyiwa kama ungekuja kutibiwa tu?

Swali la kwanza ndilo huangusha wengi. Mshiriki hujibu kwamba daktari amemwangalia akamchagulia dawa inayomfaa, kumbe ni bahati nasibu: orodha imepangwa na kompyuta na daktari mwenyewe hajui. Anayeamini hivyo amekubali jambo jingine kabisa, hata kama saini yake ni safi. Watatu kati ya kumi wakikosea hapo, uandikishaji usimame na maelezo yabadilishwe. Njia moja ni kutia vizibo vya soda vya rangi mbili kwenye mfuko na kumwacha mshiriki achomoe bila kutazama. Bahati nasibu ataielewa kwa vidole vyake.

Ugumu huja kwenye kibali. Mabadiliko ya maelezo hurudi kwenye kamati, kamati huchukua wiki kadhaa, na mtafiti anayebanwa na muda huamua kuendelea na maelezo mabovu. Suluhisho ni kuomba kibali cha matoleo mawili ya maelezo tangu mwanzo, pamoja na sharti la lini mtafiti ahame kutoka la kwanza kwenda la pili.

Kuhusu damu, mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai. Mshiriki aonyeshwe kichupa chenyewe, na kama ni vichupa vitatu aonyeshwe vyote vitatu. Maneno ya mumiani hushika kasi mtu anapoambiwa kimoja vikachukuliwa vitatu, au sampuli zinapoondoka jioni kwenye gari ambalo hakuna aliyeelezwa linakwenda wapi. Anayeyasema hayo ametazama alichokiona akakifasiri kwa historia anayoijua. Anastahili kujibiwa kwa uwazi, na mtafiti anayemdharau hafai kazi hii.

Katika kambi za wakimbizi uangalifu uzidi. Mkimbizi hana zahanati nyingine ya kukimbilia, kwa hiyo kumkatalia muuguzi anayemtibu mtoto wake ni vigumu mno. Anayeomba ridhaa asiwe yule anayetoa tiba, na saini ya kiongozi wa kambi isihesabiwe kuwa ridhaa ya mtu yeyote. Kuna kipimo kimoja chepesi: hesabu waliokataa. Kama kati ya watu mia moja walioombwa hakuna hata mmoja aliyekataa, kamati itume mtu akaangalie wanaombwaje.

Naiomba Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ianze kujaribu haya kupitia kituo chake cha hapa Tabora. Ripoti ya mwaka ya kila utafiti iongezewe ukurasa mmoja: wangapi waliulizwa maswali yale, walikosea wapi, nini kilibadilishwa, wangapi walikataa, wangapi walijitoa na kwa sababu gani, na matokeo yalisomwa tarehe gani kwenye mkutano wa kijiji. Baada ya mwaka mmoja majibu ya washiriki wa vituo vilivyotumia utaratibu huu yalinganishwe na ya vituo ambavyo havikuutumia. Uelewa ukiwa haukupanda, utaratibu huu ninaoupendekeza uachwe na tutafute mwingine.

Wako,
Mwalimu wa maadili ya tiba,
Tabora